Enameli ya jino haioti tena: namna ya kuilinda hatua kwa hatua

Mtu anaweza kuwa msafi wa kinywa kuliko wenzake wote nyumbani na bado akapoteza enameli ya meno yake. Nilijifunza hilo mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilianza siku kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye limau, kisha nikaenda moja kwa moja kwenye mswaki na kusugua mpaka nihisi meno yanateleza. Siku maji ya baridi yaliponichoma jino la mbele hadi machozi yakanitoka, nilidhani jino limeoza. Daktari wa meno alitazama kwa muda, akaniambia hakuna tundu hata moja. Gamba la meno, yaani enameli, ndilo lililolika, na lilikuwa limeliwa na vitu viwili nilivyovifuatanisha kila asubuhi: tindikali, halafu mswaki.

Mwongozo huu nimeupanga kwa mtiririko ambao ningependa mtu angenipa wakati ule. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: hesabu ni mara ngapi tindikali inagusa meno yako kwa siku, na kila mara inakaa kwa muda gani. Wingi wake kwenye glasi ni jambo dogo kuliko hayo mawili.

Kwanza, jua kinachopotea

Enameli ni lile gamba jeupe gumu linalofunika sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho mwilini. Hata mfupa haufikii. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa fuwele za kalsiamu na fosfeti zilizobanana sana, na kilichobaki ni maji pamoja na protini kidogo. Kwenye vilele vya magego unene wake hufika kama milimita 2.5. Kadiri unavyoshuka kuelekea ufizi unapungua, na pale shingoni mwa jino hubaki utando mwembamba tu. Ndiyo maana maumivu ya kuliwa kwa jino mara nyingi huanzia huko.

Chini ya gamba hilo kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na ina rangi ya manjano. Dentini imejaa vijimirija visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye kiini cha jino chenye mishipa ya fahamu. Enameli ikiwa nzima, vijimirija hivyo vimefunikwa. Ikilika, baridi, moto na utamu hupata njia.

Ngozi ikichanika hupona na mfupa ukivunjika huunga. Enameli haina uwezo huo, kwa sababu seli zilizoijenga hupotea jino linapochomoza, na ndani yake hakuna chembe hai ya kufanya ukarabati. Kuna faraja moja, nayo si ndogo. Kabla haijalika, enameli hulainika kwanza, na ile iliyolainika tu huweza kukazwa tena na madini yaliyomo kwenye mate, hasa ikiwepo floridi, yale madini yanayotiwa kwenye dawa nyingi za meno. Katikati ya kulainika na kulika kuna muda mfupi, na karibu ushauri wote hapa chini unahusu jinsi ya kuutumia muda huo.

Ukali wa tindikali hupimwa kwa kipimo cha pH. Maji safi yako kwenye 7, na maziwa yapo karibu na 6.7. Enameli huanza kupoteza madini pH ya kinywani ikishuka chini ya takriban 5.5. Sasa linganisha: juisi ya chungwa iko kati ya 3.5 na 4, soda za kola ni karibu 2.5, juisi ya limau na siki ziko kati ya 2 na 3, na tindikali ya tumboni huweza kufika 1. Usidanganyike na udogo wa tofauti za namba hizo. Kila namba moja unayoshuka, ukali unazidi mara kumi. Kwa hiyo kinywaji chenye pH ya 2.5 ni kikali mara elfu moja kuliko kile kilicho kwenye mpaka wa 5.5.

Hata hivyo pH peke yake haisemi yote. Mtindi una pH inayokaribia 4, lakini hauli enameli, kwa kuwa umejaa kalsiamu na fosfeti na kwa hiyo hauna haja ya kuyachukua madini hayo kwenye meno yako.

Tindikali hufika kwenye jino kwa njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni bakteria wanaoishi kwenye utando wa meno: hula sukari na kutoa tindikali, na pale walipojikusanya jino hutoboka. Huko ndiko kuoza tunakokujua tangu utotoni. Njia ya pili haihitaji bakteria wala sukari. Tindikali huja yenyewe, ndani ya kinywaji au kutoka tumboni, ikaosha uso mzima wa jino na kuupunguza taratibu. Kwa hiyo soda isiyo na sukari itakuepusha na mengi, lakini enameli itaila vilevile. Nimekutana na watu wengi waliobadili soda ya sukari kwa isiyo na sukari wakaamini meno yamepona, na ninaona ni haki yao kuambiwa wazi.

Pili, simama mbele ya kioo

Chagua mwanga wa dirishani, fungua midomo, kausha meno ya mbele kwa kitambaa safi. Jino likiwa limelowa, mate huficha mengi.

Anza na uso wa meno ya mbele. Jino lililoanza kulika huwa nyororo kupita kiasi. Vimistari vyake vya asili hupotea na kona zake huviringika. Wengi huupenda ulaini huo wakidhani ni usafi, ilhali ndiyo dalili ya mapema kuliko zote. Kisha tazama rangi. Njano inayoongezeka karibu na ufizi au katikati ya jino, isiyotoka kwa kusugua, mara nyingi ni dentini inayoonekana kupitia gamba lililokonda. Hapo dawa za kung'arisha hazina kazi, na zile zenye chembe za kukwaruza huzidisha tatizo.

Angalia ncha za meno ya juu ya mbele. Zikiwa zinapitisha mwanga kama kioo, na zina rangi inayoelekea kijivu au buluu, au zimemeguka vipande vidogo usivyokumbuka vilitoka lini, enameli hapo imekonda. Kwenye magego tafuta vijishimo vidogo vya mviringo juu ya vilele. Kama una jino lililozibwa zamani na sasa kizibo kimesimama juu kuliko jino linalokizunguka, kizibo hakijakua. Jino ndilo limeshuka.

Halafu pitisha ulimi nyuma ya meno ya juu ya mbele, upande wa kaakaa. Ukiweza tumia kioo kidogo. Huko kukiwa kumelika kuliko upande wa nje, shuku tumbo kabla hujashuku glasi. Na ukiona mkato shingoni mwa jino, kama mti uliopigwa shoka, shuku mkono wako na mswaki.

Dalili nyingine huihisi mwenyewe: meno kuingia ganzi kwa kitu kichachu, au mchomo mfupi mkali kwa maji baridi unaokoma mara baridi inapoondoka. Maumivu yanayoendelea kwa dakika nyingi baada ya baridi kuondoka, au yanayokuamsha usiku, ni habari nyingine na yanahitaji daktari haraka.

Madoa meupe au ya kahawia ambayo jino lilichomoza nayo tangu utotoni hayamaanishi kwamba enameli inalika sasa. Huweza kutokana na hitilafu wakati jino linaundwa, zikiwemo za kurithi, au floridi nyingi mno kwenye maji ya kunywa miaka hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mwonyeshe daktari, lakini usiyasugue.

Tatu, andika siku nne

Chukua karatasi. Kwa siku nne mfululizo, zikiwemo za kazi na za mapumziko, andika kila kinachoingia kinywani isipokuwa maji matupu: saa ulipoanza, saa ulipomaliza. Andika pia dawa, vidonge vya vitamini na pipi. Siku ya nne jioni, zungushia duara kila kitu kichachu na uhesabu.

Nasisitiza karatasi kwa sababu kumbukumbu zetu hushika milo na kusahau yanayopita katikati. Na hayo ya katikati ndiyo yenye madhara. Fikiria watu wawili walionunua chupa sawa za kinywaji kilekile. Mmoja anainywa yote kwa dakika kumi akila chakula cha mchana. Mwingine anaiweka mezani saa tatu asubuhi na kupiga funda moja moja hadi saa sita. Baada ya kila funda, mate huhitaji nusu saa hivi, wakati mwingine hadi saa nzima, kukirudisha kinywa katika hali yake. Yule wa kwanza ameyapa meno yake shambulio moja. Wa pili ameyaweka ndani ya tindikali saa tatu bila kuyapa nafasi ya kupumua, na wote wawili wamekunywa kiasi kilekile.

Washukiwa wa kawaida unawajua: soda, juisi za matunda, vinywaji vya kuongeza nguvu na vya wanamichezo, mvinyo, maji ya limau. Wapo wanaojificha zaidi. Chai za matunda makavu ni chachu hata zisipotiwa kitu. Siki ya tufaha inayonywewa kwa ajili ya kupungua uzito ni siki tu. Vidonge vya vitamini C vya kutafuna au vinavyotoa povu kwenye maji, aspirini ikitafunwa, na pipi chachu za kumung'unya, ambazo kwangu ndizo mbaya kuliko vyote kwa kuwa hukaa kinywani dakika nyingi zikigusa jino lilelile. Maji yenye gesi yasiyotiwa ladha yana tindikali dhaifu na hayanipi wasiwasi. Yakishatiwa limau au ladha ya matunda, yahesabu kama soda.

Kama duara ni chache na bado meno yanalika, geukia tumbo. Kiungulia cha mara kwa mara, kucheua, ladha chachu kooni ukiamka, sauti inayokwaruza asubuhi au kikohozi kikavu kisicho na mafua vyote huweza kuwa tindikali ya tumboni inayopanda usiku ukiwa umelala, na wengine haiwachomi kifua hata kidogo. Kutapika kwa ujauzito huacha alama ileile. Ndivyo ilivyo pia kwa anayejitapisha kwa sababu ya matatizo ya ulaji. Kama ni wewe, naomba umwambie daktari wa meno ukweli. Ameshaona alama hizo kwa wengi na kazi yake ni kukusaidia, na bila kujua chanzo atakuwa anaziba meno yanayoendelea kuliwa. Dawa ya meno hata iwe bora vipi haiwezi kushindana na tumbo. Mtafute pia daktari wa kawaida atibu chanzo.

Nne, badilisha namna kabla ya kubadilisha vyakula

Sikuombi uache matunda. Yale unayoweza kutafuna uyale pamoja na mlo, uyamalize. Usimung'unye kipande cha limau au chungwa kwa muda mrefu, wala kukibana kwenye meno ya mbele.

Kinywaji kichachu ukikinywa, kinywe pamoja na chakula, kikiwa baridi, na ukimalize. Tindikali hufanya kazi haraka zaidi ikiwa ya moto, ndiyo maana limau kwenye maji moto ni kali kuliko kwenye maji baridi. Mrija husaidia ikiwa tu ncha yake inafika nyuma ya meno, karibu na ulimi. Ukiishikilia kwa meno ya mbele, unayamwagia kwa kulenga. Usizungushe kinywaji kinywani kabla ya kumeza. Ukimaliza, sukutua kwa maji matupu, au kunywa maziwa kidogo, au kula kipande cha jibini. Hivyo viwili vina kalsiamu na husaidia kinywa kurudi mapema.

Kati ya mlo na mlo, yaachie meno maji, maziwa, au chai isiyo na sukari wala limau. Jipangie idadi: kama karatasi yako ilionyesha duara tisa kwa siku, lenga nne wiki ijayo, halafu mbili. Kushuka hivyo kunavumilika kuliko kuacha vyote Jumatatu na kuvirudia Alhamisi.

Kuhusu maji ya limau ya asubuhi, nitasema ninavyoamini baada ya kuyalipia kwa meno yangu: yaache. Maji matupu yatakupa unyevu uleule, na vitamini C utaipata kwenye mlo.

Tano, yatunze mate

Mate ndiyo dawa ambayo mwili umeshakutengenezea. Mtu mzima hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Huosha tindikali na kuipunguza makali, kisha hurudisha kalsiamu na fosfeti kwenye enameli iliyolainika. Usingizini mtiririko wake hushuka karibu na kukauka. Glasi ya juisi ambayo mchana ingesafishwa kwa nusu saa, ukiinywa ukiwa tayari kitandani hukaa na meno yako kwa muda mrefu. Baada ya mswaki wa usiku, maji tu.

Kinywa kikavu huharibu meno upesi. Dawa nyingi hukausha mate, zikiwemo baadhi za mzio, za msongo wa mawazo na za shinikizo la damu. Usiache dawa uliyoandikiwa. Mweleze aliyekuandikia kwamba kinywa kinakauka. Pengine ipo nyingine, au muda wa kuimeza unaweza kubadilishwa. Wakati huo kunywa maji mara kwa mara na utafune chingamu isiyo na sukari baada ya kula, kwani kutafuna kunaamsha mate. Waliotibiwa kwa mionzi ya kichwa au shingo wanahitaji mpango maalumu na daktari wa meno, mapema iwezekanavyo.

Wanaofanya mazoezi makali wamo hatarini maradufu: mwili umepoteza maji na mate yamepungua, ndipo wanapofungua chupa ya kinywaji kichachu. Kwa mazoezi ya kawaida maji yanatosha.

Sita, ujifunze upya mswaki

Hapa ndipo watu wenye nia njema hujiumiza zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usipige mswaki mara tu baada ya kitu kichachu au kutapika. Enameli iliyolainika ni kama udongo uliolowa: ukiusugua, unaondoka nao. Sukutua kwa maji na usubiri saa moja. Kama umetapika, weka kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya sodiamu, ule unga mweupe unaoumulia keki, kwenye kikombe cha maji, usukutue na uteme. Hakikisha ni huo wa kupikia. Soda kali ya kutengenezea sabuni huunguza kinywa, na majina yake hufanana madukani.

Asubuhi, piga mswaki kabla ya kifungua kinywa. Kwa wengi hilo ndilo suluhisho jepesi kuliko kusubiri saa nzima ukiwa unachelewa kazini, na floridi inakuwa imeshakaa kwenye meno kabla chakula hakijafika.

Chagua mswaki wenye nywele laini. Ule mgumu hausafishi zaidi, kwa sababu utando wa meno ni laini na hutoka kwa mguso mwepesi. Ukishakauka ukawa ugaga, mswaki wa aina yoyote hauutoi, ni kazi ya daktari. Ushike mswaki kwa vidole kama unavyoshika kalamu, usiukamate kwa kiganja. Elekeza nywele zake kwenye mpaka wa jino na ufizi kwa mshazari, zungusha viduara vidogo, sogea jino kwa jino. Dakika mbili, mara mbili kwa siku. Mara ya tatu si dhambi, lakini kama meno yako yameshaanza kulika sioni sababu yake.

Mswaki wenyewe utakushtaki. Ukiona nywele zimetawanyika nje baada ya wiki chache, unakandamiza mno. Ukitumika kwa upole, huweza kukaa miezi mitatu hadi minne ndipo ubadilishwe.

Ukimaliza, tema povu na usisukutue kwa maji. Najua mdomo unahisi haujakamilika, nami ilinichukua majuma kuzoea. Ukisukutua unaimwaga floridi uliyoilipia, ilhali ikibaki inaendelea kufanya kazi.

Na tafadhali weka kando unga wa mkaa, mchanganyiko wa limau na chumvi, na kila mapishi ya kung'arisha meno kwa siku tatu. Mkaa hukwaruza. Limau huyeyusha. Meno huonekana meupe kwa muda kwa sababu tabaka la juu limeondolewa, kisha huwa ya manjano kuliko mwanzo, dentini inapokaribia kuonekana.

Saba, soma namba kwenye dawa ya meno

Floridi huingia kwenye fuwele za enameli zinapojengeka upya na kuzifanya sugu zaidi. Enameli ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye pH ya 5.5 hivi, fuwele zenye floridi huvumilia hadi karibu 4.5. Haitoshi kuizuia kola, lakini inatosha kukuvusha katika mengi ya kila siku.

Nyuma ya kisanduku tafuta kiasi cha floridi kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni. Mtu mzima achukue iliyo kati ya 1,350 na 1,500. Ambayo haikutaja floridi kabisa, hata ikiwa na majani mazuri kwenye picha, haitakusaidia katika jambo hili. Zenye floridi ya bati zina nguvu zaidi dhidi ya tindikali ya vyakula, na zile za meno yenye ganzi, zenye nitrati ya potasiamu, hutuliza mchomo ukizitumia kila siku kwa wiki kadhaa. Kutulia kwa mchomo kusikudanganye ukaacha hatua nyingine.

Ukitumia maji ya kusukutulia yenye floridi, yatumie wakati mwingine, siyo mara tu baada ya mswaki.

Nane, meno yasiwe nyenzo

Kusaga meno usingizini hula enameli jino kwa jino. Ukiamka taya zimechoka au kichwa kinauma kwenye panja, au mwenzio anasikia mkwaruzo usiku, daktari anaweza kukutengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa ukilala. Kufungua vizibo, kukata nyuzi, kutafuna barafu, kalamu na kucha: acha vyote.

Tisa, kwa watoto

Enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba kuliko ya ukubwani, na tindikali huimaliza haraka. Chupa ya juisi au maziwa yenye sukari kitandani ni hatari kubwa kuliko inavyofikiriwa, maana mtoto hulala nayo kinywani. Jino la kwanza likichomoza anza mswaki. Kabla ya miaka 3, paka dawa ya floridi kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia 3 hadi 6, punje ya njegere. Msimamie ateme, na umshikie mswaki mpaka afike miaka 7 hivi, kwa sababu mkono wake bado hauwezi kufika kila mahali. Kumeza dawa ya meno kila siku wakati meno ya ukubwani yanaundwa ndiko kunakoweza kuleta yale madoa meupe niliyoyataja.

Kumi, nenda kwa daktari wa meno na karatasi yako

Mpe ile orodha ya siku nne. Mtajie dawa zote unazotumia na kiungulia chako, hata kama hakuuliza. Mwulize mambo matatu: kulika huku kumesababishwa na nini, kumefika dentini, na kunaendelea au kulikoma zamani?

Kama ni mwanzo, huenda akakupaka floridi nzito ya kunata, ambayo ina nguvu mara nyingi kuliko ya kwenye dawa ya meno, na akakupa miadi ya kufuatilia. Jino lililomeguka au kukatika shingoni huzibwa kwa kizibo chenye rangi ya jino. Lililolika sana huvishwa kofia. Nakushauri usikimbilie kofia wakati chanzo hakijazuiwa, kwani ili kulivisha jino mara nyingi hulazimu kulichonga zaidi, na tindikali itaendelea na pembezoni palipobaki.

Kabla hujaondoka, mwombe akupige picha za meno au piga za kwako kwa simu, mwanga wa dirishani, mdomo wazi: mbele, nyuma ya meno ya juu, na juu ya magego. Ziwekee tarehe. Baada ya miezi sita piga nyingine kwenye dirisha lilelile, uzilinganishe ncha kwa ncha, na ukiona tofauti rudi nazo mapema.